Shwari

"Mshauri nasaha wa wastaafu wa jeshi kamwita mume wangu 'afande'," alifoka mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi. "Naye akasimama wima, akapiga saluti. Alipoulizwa hali, akajibu, 'Shwari, afande.' Basi, tukaambiwa kapona, twende nyumbani."

Mzee wa kiti cha pili, ambaye hakumjua, alisema labda kapona kweli. Wapo watu wasiojua kunyamaza.

"Baba, mtu anakula amesimama, mgongo ukutani. Mtoto akidondosha sufuria, anatulaza sote sakafuni. Hiyo ndiyo shwari?"

"Jeshini hatukuwa na jibu lingine, mama."

Tairi likapasuka, basi likasimama. Mzee tayari alikuwa chini ya kiti, mikono kichwani. Mama akamwinamia, akamuuliza kama ni mzima.

"Shwari," akajibu kutoka huko chini.