Meseji ya Parsaoti

Mwaka wa 2006 nilikuwa nauza kahawa ya tangawizi Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Jumamosi moja ukungu ulikataa kabisa kuondoka. Magari yalipita polepole, yakisikika kama mtu anayeongea usingizini, na ng'ambo ya barabara punda milia walikuwa wamesimama tu, nusu wako, nusu hawako. Kwenye benchi langu walikuwa Maweu fundi wa redio, ambaye tulimwita Redio. Okoth fundi bomba, tukimwita Sayansi kwa sababu hakuna kitu hajui. Na mzee Parsaoti muuza mbuzi, mtu wa maneno machache. Kisha Mwalimu Zipporah akaja na habari.

— Naisenya wangu, yule nilifundisha Isinya, sasa ni profesa! Anapita hapa leo.

Redio akauliza:

— Profesa wa nini?

— Mawasiliano. Alisoma sekondari Kajiado, akaingia yunivasiti Nairobi. Digrii ya pili aliandika juu ya redio. Halafu miaka mitano ng'ambo, PhD ya simu za mkono.

— Alianza na redio akaiacha? Ndio maana wateja wangu wamepotea!

— Hajaacha kitu. Anataka kujua kwa nini watu wanaweka meseji za zamani, hawafuti.

Sayansi akakohoa kidogo.

— Hiyo ni rahisi. Neno haliozi. Kila kitu umewahi kusema kwa simu kinaelea hapo juu ya mnara. Huyo mama amesomea kuyashusha hayo maneno.

— Kama mvua?

— Kama umande, Redio. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali haiingii hapo, Okoth, Mwalimu akasema.

— Itaingia tu, Mwalimu. Minara ikiwa mingi tutasikia hata ndoto za ng'ombe. Hata marehemu. Kwani walienda wapi? Wako mteja tu, kama ile sauti ya simu: mteja hapatikani kwa sasa.

Parsaoti akaweka kikombe chini.

— Mtu akiwa mteja, si huwa anapatikana baadaye?

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mzee akatoa simu iliyofungwa na raba.

— Hii imejaa. Watoto wakituma meseji haiingii. Wanasema nifute. Lakini iko ya mama yao. Yeye alisema, nurse akamwandikia huko hospitali, ile siku ya mwisho.

Nikamuuliza:

— Ilisema nini?

— Mimi sijui kusoma, Wamaitha.

— Na mwaka mzima hujasomewa?

— Ikisomwa, si itakuwa imeisha?

Naisenya alitufikia nikimwongezea mzee kahawa. Mama mrefu, viatu vimejaa matope. Akamkumbatia mwalimu wake, kisha akainamisha kichwa mbele ya Parsaoti, mzee akamgusa utosini, salamu ya Kimaasai. Mwalimu akamweleza mambo ya ile simu. Nilingoja atoe daftari. Hakutoa. Akaketi.

— Mimi pia niko na moja ya baba yangu, mzee. Nimeisoma sana mpaka siku hizi siisikii tena. Ukitaka, nitakuandikia yako kwa karatasi. Uiweke hivyo, bila kusomewa. Simu ipate nafasi.

Parsaoti aligeuza simu mkononi. Kisha akafungua raba mwenyewe, akampa.

Profesa alinakili polepole. Mistari haikuwa mingi. Katikati aliacha kuandika, akaangalia barabara, akamaliza. Akakunja karatasi mara nne, akamwekea mzee mkononi. Parsaoti akaifunga kwenye ncha ya shuka alilojitanda.

Naisenya bado alikuwa ameshika simu, kidole juu ya kitufe.

— Sasa, mzee, nifute?

Redio akaangalia viatu vyake. Nikainua chupa niwaongezee kahawa, ikatoa matone mawili, ikaisha.

Parsaoti akanyoosha mkono, akachukua simu yake, akairudishia raba.

— Wacha. Mwenye ako na neno na mimi, apige.