Kadi za Mwalimu Augustine

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Demetria, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa jukumu la kusoma historia yake, mtanivumilia nikikwama.

Mwalimu Augustine Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Kanyigo, Kagera, akasoma shule ya msingi huko huko, mwaka 1964 akaingia seminari, akatoka mwaka 1970 bila upadre, ila na Kilatini chake chote na Kigiriki cha kuombea maji.

Mwaka 1973 alianza kufundisha Kiingereza sekondari hapa Temeke, hadi alipostaafu mwaka 2009. Wanafunzi wake mliopo mnazikumbuka zile kadi, alizozibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba darasani, kila moja na mzizi wa neno la kufikiri au kujua: cogito, yaani nafikiri; memor, yaani mwenye kukumbuka; gnosis, yaani ujuzi. Neno la Kiingereza alilolipenda kuliko yote ni recognise, kutambua, akisema ndani yake mna "tena" na mna "kujua", kwa hiyo mgeni unamjua mara moja, wa nyumbani unamjua tena kila siku.

Alifunga ndoa na mama yetu, Benedicta, tarehe 2 Septemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Erasmus, na hakuna aliyeonja chai ya jioni kabla ya kutunga sentensi kwa kadi ya siku hiyo. Mama alitangulia mwaka 2016.

Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 2021. Jirani yetu Mzee Mbwana alimkuta mara nyingi njia panda, akamshika mkono na kumwambia, "Mwalimu, twende wote, mie mwenyewe naelekea kwako," hata kama alikuwa anawahi sokoni.

Mwaka 2024 akanisahau na mimi. Nikaandika kadi, "Demetria, mwanao," nikaibana kifuani kwa kibanio cha nguo, Baba akaisoma, akatoa ile kalamu nyekundu isiyomtoka mfukoni, akapiga vema. Kila asubuhi nilivaa kadi mpya, kila asubuhi nikapata vema, lakini jina langu hakuliita. Nililitamani jamani, hata angeniita kwa kunifokea.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, katika haraka za kwenda hospitali, kadi niliisahau nyumbani. Baba alinitazama kifuani, akakosa cha kusahihisha, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akauvuta mkono wangu, akanipigia vema kiganjani. Sijui kama alinijua tena, au ni mwalimu tu aliyekuwa anamalizia kazi yake. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, wino ulikuwa haujatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, majirani, na kwa namna ya pekee Mzee Mbwana, ambaye sokoni alichelewa sana kwa ajili yetu.

Baba, huko ulikotangulia naamini hakuna anayevaa kadi. Siku nikifika, niite.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.