Karatasi ya Kola

Wanangu, sogeeni karibu na kitanda, na wewe mkubwa uache mto wangu, umekaa vizuri na shingo ni yangu. Nisikilizeni baba yenu kabla usingizi haujanichukua tena, maana tangu asubuhi naingia na kutoka, nikifumba macho naona ukuta huu unakuwa kitambaa cheupe kinachoshuka taratibu, hakina pindo wala mwisho, nami natembea juu yake miguu mitupu wala sioni ajabu.

Cherehani yangu ni ya mkwe wangu. Ndiyo, mkubwa, ni ya mkeo, si yako, na dada yako nimemwachia mkasi na meza ya kukatia. Sababu mtaisikia sasa hivi, na mkishaisikia mnihukumu mnavyotaka.

Mjukuu wangu alipotimiza miaka miwili, kliniki walituambia haoni na hasikii. Mkwe wangu akarudi akasema nesi amempa karatasi ya kutuelekeza wanakosaidiwa watoto kama wetu, akaiweka mezani, akageuka kumbembeleza mtoto, na karatasi ikawa haionekani tena. Tulipekua hadi chini ya magodoro. Wewe mkubwa ukamwita mkeo mzembe, kisha ukamwita mwongo, naye akala yamini mpaka sauti ikamkauka, na toka siku ile mkawa mnapeana chumvi bila kutazamana.

Tukapigwa danadana miaka miwili. Shule ya viziwi walisema wao hufundisha kwa macho, shule ya wasioona wakasema wao hufundisha kwa masikio, nasi tukarudi nyumbani na mtoto mgongoni kwa mama yake, akichezea vidole vyangu njia nzima.

Siku moja nakata kola ya shati la mteja, nikaigeuza karatasi ninayopimia kola, ile ngumu ya manjano, niliyokwisha kuitumia sijui mara ngapi, nikaona nyuma yake pana maandishi. Mtoto wako haoni na hasikii? Njoo tuzungumze. Wanangu, nilikaa chini sakafuni. Ni mkono wangu ulioiokota pale mezani, nikidhani ni karatasi tu, nikaikata umbo la kola, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya namba ya simu. Jina la mtaa lilisalia. Nikautembea mtaa ule siku tatu, mlango kwa mlango, kipande mfukoni, mpaka nikapanda ngazi moja nikafika kwenye chumba chenye mazulia hadi ukutani, na mwalimu ambaye, siku niliyompeleka mtoto, alimshika mikono yote miwili kabla hajatusalimia sisi.

Nyumbani nilisema nimeelekezwa na mteja. Nikafyata ulimi miaka sita. Mkwe wangu, karatasi uliileta. Hukusema uongo hata neno moja. Niliona aibu, nikakuacha ubebe lawama yangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na leo nakuomba radhi. Mkubwa, yako utaiomba humu humu, nikisikia. Nawe mkwe wangu, usilie, mama. Haya, lia basi, ni haki yako.

Nipeni maji. Kidogo.

Mtoto aendelee kwenda kwa yule mwalimu kila wiki, na nyote mjifunze maneno ya mikononi, hata wewe mkubwa usiyeishiwa shughuli. Namba yake nzima nimeiandika kwa rangi ndani ya mfuniko wa cherehani. Akija mama mwingine anatafuta, msimpe namba mkamwacha barabarani, mpelekeni mpaka mlangoni.

Na hiki kikofia cha chuma kidoleni, cha kusukumia sindano. Mjukuu wangu hanijui kwa jina la babu, jina langu kwake ni hiki, anakigonga kwa ukucha mara mbili, ndipo anacheka. Binti yangu, nilipolazwa ulikivaa ili umtulize, akakigonga, akakupanda magotini, kisha akanusa mkono wako akausukuma, akagoma kula siku mbili. Nia yako ilikuwa njema. Lakini asikivae mtu tena.

Msimwambie nimesafiri. Nikishakata roho nikapoa, mleteni anishike. Agonge, aone sijibu, agonge mpaka aridhike mwenyewe, halafu akivue yeye kwa mkono wake. Msimsaidie, hata akichelewa. Kiwe chake.

Mungu awape subira ninyi kwa ninyi... awafungue mikono hiyo, isiwe mizito kwake. Nimewaridhia wote. Kitambaa kimeshuka tena, cheupe... laini... Nani ameufungua mlango? Mleteni. Mpisheni, jamani, apite.

Huyo amefika. Amegonga... mara mbili.

Nyamazeni kidogo. Ananisemesha.