Bamia za Pazi Zimegoma

Benchi la kijiwe changu hapa Lindi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, likiyumba na kumwagia wateja kahawa, mpaka asubuhi ile ya msaragambo wa mteja wangu Pazi nilipookota takataka fulani ya njano, nikaikunja na kuisokomeza chini ya mguu. Tangu hapo benchi limetulia, midomo ndiyo haijatulia. Msaragambo wenyewe, kazi ya kusaidiana, ulikuwa wa bustani ya bamia uani kwake. Ramadhani Guta alibeba mbolea ya manispaa, ile ya taka za sokoni zilizooza zikaiva, na Dionis Profesa akatandaza majani makavu ya mkorosho juu yake ili udongo usikauke. Leo ni wiki ya sita.

PAZI: Jamani, naumbuka! Mke wangu Mwanahija kasema Ijumaa asipoona bamia hata moja, uani panajengwa banda la bata. Na nilimtambia mbele ya mama yake!

RAMADHANI: Kwani hakujaota kitu?

PAZI: Kimeota! Nyanya, papai, boga limepanda mpaka juu ya choo. Kila kitu isipokuwa bamia.

RAMADHANI: Basi ndiyo hiyo. Mbolea imetoka sokoni, inakumbuka sokoni. Siku ile bamia ziliadimika.

DIONIS: Acha hizo, Guta. Kosa ni la majani yangu, nilitandaza mengi mno. Chini kiza totoro, bamia zinadhani bado usiku. Zimelala!

PAZI: Wiki sita?

DIONIS: Si za kwako? Wewe mwenyewe unaamka saa ngapi?

Tulicheka mpaka birika likatikisika. Pazi naye alicheka, maskini, na nikamwonea huruma.

RAMADHANI: Au zimeota kichwa chini. Saa hizi zinatokezea kijiji cha Mingoyo, kuna mtu anavuna bamia za Pazi na kumshukuru Mungu.

DIONIS: Tukazipigie ngoma ziamke!

PAZI: Ngoma ninayo nyumbani!

Hapo akafika Theresia, anayegeuza marundo ya mbolea kule dampo, koleo begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Pazi. Mbolea yenu imekula bamia zangu!

Theresia akasikiliza kisa chote, akapiga funda moja la kahawa.

— Pole, baba. Mbegu alizifukia nani?

Ramadhani akamnyooshea Dionis kidole.

RAMADHANI: Mimi nilimwaga mbolea tu. Mbegu, Profesa.

DIONIS: Mimi majani! Nilijua mwenye shamba kapanda.

PAZI: Mimi namwagilia, asubuhi na jioni. Nilidhani nyie... Ngoja. Asubuhi ile nilikuja nazo hapa. Kipakiti cha njano. Nikakiweka kwenye benchi ninywe kahawa. Dada Biasha, hukukiona?

Nikatazama chini. Mguuni pa benchi ilichomoza pembe ya njano, na bamia moja ya kuchorwa ikinikodolea macho. Aibu ilinishika, na kicheko kikanibana mbavu.

— Kunyweni, nikasema, leo kahawa bure. Ila asiinuke mtu.