Chumba cha Kila Mtu Mchangani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne na wa mwisho wa mama mshonaji. Alichelewa kusema, ila kupanga hakuchelewa. Vikopo vya vifungo vya mama yake alivipandanisha hadi dirishani, na vilipomwangukia alianza upya bila kulia.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Hesabu alizimudu, mwandiko ndio uliomshinda, na mwalimu wake aliwahi kumuuliza kama kuku amepita juu ya daftari. Mwaka uliofuata mjomba wake, mwashi, alimshikisha mwiko. Hakuuweka chini kwa miaka arobaini na tisa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati alikopelekwa baada ya kujigonga kidole kwa nyundo. Mkewe husema kidole kilipona siku ya nne, lakini mgonjwa aliendelea kuja wiki sita. Walijaliwa watoto watatu.

Kuanzia Agosti 1984, kila mwaka kwa juma moja, familia ilikwenda ufukweni, kwenye nyumba ileile ya kupanga yenye mapazia ya bluu yaliyopauka. Mtu aliyechoka kujenga akaenda huko kujenga. Tena alibeba pimamaji, jamani, kupimia kuta za mchanga! Sharti lake lilikuwa hili: nyumba ni moja, kila mtu ana chumba, na hakuna anayejijengea chake, anajengewa na mwenzake. Jioni maji yalipopanda walikaa bega kwa bega, wakitazama vyumba vikilainika kimoja baada ya kingine kama sukari kwenye chai. Upepo ulikuwa mwororo, macho mazito, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Mwaka 2014 mtoto wa pili, aliyetarajiwa kurithi mwiko, alifungua saluni ya kunyoa. Fundi alipandwa na hasira, akatamka neno ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo: “Chumba chako hakitajengwa tena.” Mwanawe akajibu, “Sawa, baba,” akaacha kuja. Agosti ile Fundi hakula vizuri juma zima. Kuanzia mwaka uliofuata alikijenga chumba hicho mwenyewe, kabla ya vingine vyote, wenzake wakiwa bado wamelala. Alifanya hivyo miaka minane. Alimkumbuka mwanawe mno, ila kunyanyua simu alishindwa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba atakufa kabla ya kumwona mwanawe pale mchangani. Agosti aliomba apelekwe hivyohivyo. Alikaa kitini, akauliza, “Cha mwenzenu atakijenga nani?”

Binti yake mkubwa akaona yatosha. Alimpigia ndugu yake simu, wala hakupamba maneno: “Baba anakujengea chumba kila mwaka. Mwaka huu hawezi. Njoo.”

Kesho yake kinyozi akafika, viatu mkononi. Fundi alimwita karibu na kiti.

“Nilikosea, mwanangu.”

“Na mimi nilinuna mno, baba.”

Kisha akapiga magoti, akaanza kumjengea baba yake chumba. Ukuta ulipinda vibaya, kila mtu aliuona. Fundi alichukua pimamaji, akaisukumia taratibu chini ya kiti chake.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na watoto wote watatu wakiwa chumbani.

Ameacha mjane, binti mkubwa, mwana kinyozi, kitindamimba ambaye ni dereva, na wajukuu watano. Leo asubuhi kinyozi alimnyoa baba yake ndevu, taratibu, na hakukubali mtu mwingine ashike wembe.

Apumzike kwa amani Fundi wetu. Agosti tutakwenda, na safari hii hakuna atakayebaki nyumbani.