Kuku wa Asubuhi Hafungui Mbawa

Benchi la dada Asnath, muuza kahawa, liko mbele ya duka la pembejeo hapa Sepuka, na Julai hii upepo una meno. Wenye benchi ni watatu: Isaka fundi redio, aitwaye Profesa, Mathayo wa bodaboda, aitwaye Mwendokasi, ingawa sijawahi kumwona akiondoka, na mzee Mughwai, mnunuzi wa kuku, aitwaye Jogoo. Mimi hufundisha fizikia sekondari ya ng'ambo ya barabara. Jana asubuhi, saa moja na nusu, roketi ya wasichana wangu, karatasi ngumu ya sentimita arobaini na mbili, ilipaa vizuri. Mwavuli wa kuishusha haukufunguka, ikajichomeka pua kwenye shamba la alizeti. Leo saa tatu waamuzi wa maonesho wanakuja, na injini imebaki moja.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwalimu, — Jogoo akaitikia. — Mbona unatetemeka?

— Baridi tu.

— Baridi gani inatetemesha mpaka daftari? — Mwendokasi akacheka.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Mimi nilisema. Aliye juu mngoje chini.

— Tulimngoja, Profesa, — nikamjibu. — Akaja kichwa chini!

— Ndiyo maana yake! Singida tuko juu, mbingu iko karibu. Roketi imegonga baridi, ikarudi.

— Wapi! — Mwendokasi akabisha. — Ni mnara wa simu ule. Hata pikipiki yangu ikifika pale inakohoa.

— Yako inakohoa hata ikiwa imelala, — Profesa akamrudi.

Jogoo akasafisha koo.

— Mnamchosha mwalimu. Kuku asubuhi ya baridi, mtoe kwenye tenga umrushe: hafungui mbawa. Puu! Ngoja jua limpate, utamtafuta juu ya paa la msikiti.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Kuku wa karatasi, mzee? — Profesa akasema. — Ama kweli, mgeni siku mbili!

Mimi sikucheka. Nilifungua daftari. Uzito upo, pembe ipo, upepo upo. Kukunja mwavuli: juzi, saa kumi na moja jioni. Mwavuli wenyewe, wa nailoni ya kufunikia madaftari, ulilala stoo umekunjwa, usiku wa nyuzijoto kumi na moja. Ulikakamaa.

Na wa leo niliukunja jana jioni.

— Dada Asnath, una poda ya mtoto?

— Ya mwanangu ipo. Kwani una mtoto, mwalimu?

— Mganga hajigangi, — Profesa akanong'ona.

Niliutoa mwavuli kwenye mkoba, nikaukunjua, nikaupaka poda mikunjo isigandane, nikausokomeza ndani ya sweta upate joto, nikavuka barabara mbio. Tuliukunja upya saa tatu kasoro dakika mbili.

Saa tatu na dakika sita Jenipher wa kidato cha tatu alibonyeza kitufe. Ilipaa, ikasita, kisha mwavuli mwekundu ukafunguka wote. Niliporudi na kikombe cha dada Asnath nilichokuwa nimekimbia nacho, benchi zima lilikuwa limesimama, na abiria wa basi la Mitundu ameshuka anashangaa.

— Nini kile?

— Roketi yetu, — wakajibu kwa pamoja.

— Na inapaaje?

Profesa akatazama kikombe chake. Mwendokasi akatazama tairi la pikipiki yake. Dada Asnath akainamisha birika: tupu.

Jenipher alikuwa anakuja, roketi kifuani, vumbi mpaka magotini.

Jogoo akagonga benchi kwa fimbo.

— Profesa, mpishe profesa akae.