Mlezi wa Bakteria wa Matamvua

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Matamvua anaagana na maabara yetu ya samaki baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina hilo tulimbandika sisi wenyewe, maana kazi yake yote imekuwa kwenye matamvua, yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia, na hasa kwa bakteria wanaoishi humo. Samaki wake si wa kufugwa. Ni wale wa mito ya milimani, kwenye maji ya kufanya vidole vife ganzi.

Alianza vibaya, na mwenyewe ndiye anayependa kusimulia. Msimu wake wa kwanza aliona ute kwenye matamvua, akaudhani uchafu, akausuuza vizuri kabla ya kupitisha pamba ya kuchukulia bakteria. Kwenye sahani za kuoteshea bakteria hakikuota kitu. Akatoa ripoti kwa furaha kwamba samaki wa mtoni ni wasafi kupindukia, kumbe wakazi wote amewamwaga mwenyewe. Mkuu wake wa wakati huo alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

Tangu hapo hatujapata mwenye mkono mwepesi kama wake. Ndiye aliyetuonyesha kwamba wengi wa bakteria hao hawamdhuru samaki, na kwamba baadhi yao humkinga na ukungu unaomziba pumzi. Sokoni nako hatulii. Shemeji yetu, mumewe, anasema mama huyu hufunua mashavu ya samaki kabla hajamsalimu muuzaji, na yeye mume hapo hujifanya hawajuani.

Mwaka jana tulimwona amekosa raha kabisa. Mkurugenzi mpya alitaka chumba cha baridi kigeuzwe stoo ya viti. Humo wamo bakteria aliowatunza tangu ujana wake, wengine wametoka kwenye mito ambayo siku hizi imekauka. Wakipata joto ndio basi, hakuna pa kuwatafuta tena. Sisi tulimsukuma agombe. Yeye akamwomba mkurugenzi waende mtoni asubuhi moja, akampa samaki amshike wakati mwenyewe anapitisha pamba. Bosi alitetemeka, meno yakagongana, lakini hakumwachia. Siku chache baadaye akaja kutazama sahani, akakuta vidoa vya manjano na vya waridi, bakteria walioota. Kesho yake akarudi kuulizia hali ya samaki wake. Viti vikaishia chini ya ngazi, na hadi leo viko huko.

Jana Mama Matamvua alimkabidhi mtaalamu mwenzetu ufunguo wa chumba hicho. Mkurugenzi akamuuliza kama angependa kuingia mara ya mwisho. Alisimama mlangoni, machozi yakamlengalenga, kisha akasema hapana, mlango ukifunguliwa ovyo baridi inatoka.

Asante sana, dada yetu. Tutakukumbuka, na hilo hatulifichi. Tunakuombea afya, furaha nyumbani na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu. Nenda salama. Mlango tumeufunga vizuri.